Farasi Hahamishwi kwa Mdomo

Al Nahda, Ijumaa, baada ya sala

Mwanangu Nasra,

Umekwenda kuwaaga shoga zako, na mimi nimebaki na sanduku lako hapa mlangoni, tunatazamana. Ndege yako kesho asubuhi. Sitakwambia pasi yako uiweke wapi, wala uvae nini Morogoro kukiingia baridi, wala chuoni ule nini. Hayo yote Bibi yako atakusomea ukishuka Unguja, tena atayarudia mpaka uyaote, na mimi simnyang'anyi kazi yake.

Nakuandikia kwa sababu leo siku ya tisa hujanisemesha. Ukiulizwa unajibu, sikusingizii. "Umekula?" "Nimekula." "Umefunga sanduku?" "Limefungwa." Mlinzi wa hapa chini anapata maneno mengi kwako kuliko mimi niliyekuzaa. Adabu hujanivunjia, adabu umeikunja tu kama nguo ya sikukuu ukaitia kabatini.

Na sababu naijua. Siku ile ulisimama kwenye geti la zizi ukaliona lile gari la kubebea farasi limefunguliwa nyuma. Ukaniona nimeshika kalamu. Ukaniona natia saini, kisha namvua Halua hatamu yake ya ngozi, kisha nawakabidhi wale watu kwa kamba ya katani kama mbuzi wa mnadani. Ukaniona hata nacheka na mtoto wao. Hukuuliza kitu. Tulipokaa ndani ya basi ukasema neno moja tu: "Umemuuza."

Sikukujibu. Nilikuwa nimechoka, na jibu lilikuwa refu kuliko safari. Sasa nakujibu.

Sikumuuza, mwanangu. Mtu huuza kilicho chake.

Kaa kitako usome. Nitakupa habari zote, na mahali nilipofanya upumbavu sitapapaka rangi.

Wewe kazi yangu unaijua kwa juu juu. Unajua ile ofisi ya bati pale zizini, na kiyoyozi kinachokohoa kuliko kupoza, na simu, na mafaili. Hujawahi kuniuliza mafaili ya nini, na mtoto hana haja ya kuuliza. Farasi wenye ukoo, mwanangu, wana vitabu. Kila mmoja ana pasi yake kama binadamu, na pasi hiyo inatolewa na chama cha aina yake, huko Ulaya walikotoka. Farasi akiuzwa au akitolewa zawadi kuna fomu. Mwenyewe wa zamani anatia saini, mwenyewe mpya anatia saini, mimi naifunga pamoja na pasi, naipeleka kwa watu wa vifurushi, na baada ya wiki kadhaa pasi inarudi ina jina jipya. Hapo ndipo farasi amehama. Kabla ya hapo hajahama, hata kama anakula kwako, analala kwako na kuugua kwako.

Hicho chama nakistaajabia mpaka leo. Wanamjua mama yake Halua na bibi yake Halua, na bibi wa bibi, mpaka farasi aliyekufa kabla babu zetu hawajajua kutambaa. Zile nywele nyeupe nne alizonazo juu ya ukwato wa nyuma wa kushoto wamezichora kwenye mchoro wakazitia mshale. Lakini ni nani aliyekesha naye tumbo lilipomkaza, akamtembeza uani duru baada ya duru mpaka miguu ya mtu na ya farasi ikawa haijulikani ipi ya nani, hilo hawana mstari wa kuliandika. Wamejaa elimu ya damu, na anayebeba ndoo ya maji si damu yao.

Basi. Kwa miaka saba mimi Zuwena binti Khamis, niliyeishia darasa la nane kwa sababu ya kuolewa, nimejaza fomu hizo za watu mpaka nazijua kwa mkono. Fomu za mabwana wasiojua kulia kwa farasi wao na kushoto kwake. Sikukosea hata moja. Niliyokosea ni moja tu, nayo ni yetu.

Madam Fiona unamkumbuka kwa uzuri, na sikulaumu. Ulikuwa na miaka kumi na moja alipokupandisha juu ya farasi wake mara ya kwanza, na alikuwa anacheka vizuri. Mimi namkumbuka hivi: miaka yote aliyoweka farasi pale aliniita "Zoi". Zuwena lilimshinda. Jina la farasi lililoandikwa kwenye pasi lina maneno manne, mojawapo la Kifaransa, na hilo alilitamka bila kukwama. Lako alilijua, kwa vile alikuhitaji umpigie brashi farasi wake.

Halua ni jina ulilompa wewe. Ulisema rangi yake kama halua ya Muskat iliyoiva, na zizi zima likafuata, hata Gul, saisi anayewatunza farasi. Madam akasema, "Oh, inapendeza," kama mtu aliyeonyeshwa mchoro wa mtoto wa jirani.

Siku ya kuondoka kwao walipohamishwa kazi, alikuja ofisini na miwani ya jua juu ya nywele. Wewe ulikuwa shule. Akakaa ukingoni mwa meza yangu, juu ya mafaili.

"Zoi, mpenzi," akasema, "sisi tunaondoka Jumapili. Kumbeba farasi ni shida tupu. Mchukueni nyinyi. Ni wenu, wewe na Nasra. Nyinyi ndio mnaompenda kweli."

Machozi yalinitoka, nakwambia kweli. Arbab, mwenye zizi, alikuwepo mlangoni, na Gul alikuwepo na fagio lake, wote wamesikia. Fomu zilikuwa kwenye droo ya pili. Kutoka nilipokaa ni kunyoosha mkono. Kalamu ilikuwa sikioni kwangu.

Unajua nilifanya nini? Nikainuka nikampikia kahawa. Nikatia iliki. Nikatoa ile halua aliyotuletea shangazi yako kutoka Muskat, nikaipanga kwenye kisahani, nikamkaribisha kwa mikono miwili kama namkaribisha mkwe. Akachukua kipande kwa vidole viwili, akakimega, akasema tamu mno, akakirudisha. Kisha akatazama saa yake, akanibusu hewani kulia na kushoto, akenda zake.

Gul akalisimamisha fagio. "Bibi Zuwena," akaniambia kwa Kiarabu chake kile cha zizini, "Madam kalam kathir. Waraka mafi." Maneno mengi, karatasi hamna.

"We Gul," nikamwambia, "mtu kakupa farasi mzima, bado unataka karatasi?"

"Mimi sitaki," akasema. "Farasi ndiye atataka."

Nikamcheka. Mpathani huyu hajui kusoma jina lake, nikasema moyoni, atanifundisha mimi karani habari za karatasi? Huo ndio ukubwa wa kichwa changu siku ile, na kisahani cha halua bado kiko mezani.

Nataka ulielewe hili, kwa sababu utakutana nalo na wewe. Sikusahau ile fomu. Wallahi sikusahau. Niliona haya. Kwetu sisi mtu akikupa kitu humwambii andika. Bibi yako alipewa mbuzi na jirani yake Bi Mwanaidi, angemwambia tia saini hapa, mtaa mzima ungesema kapandwa na pepo. Kumdai karatasi anayekupa ni kumwambia siuamini mkono wako. Mimi nikayachukua mambo ya Bibi yako na Bi Mwanaidi, watu waliozikiana wazee wao, nikayapeleka kwa mwanamke asiyejua jina langu. Heshima nzuri, mwanangu, lakini mtazame usoni unayempa. Wengine ukiwapa wanaidhania ujinga.

Na mimi nilikuwa sina hata haki ya kutojua, kwa sababu nilishaumwa na nyoka huyu huyu. Hili sijakwambia, leo nakwambia, wewe mtu mzima sasa.

Baba yako aliniacha kwa mdomo. Alikuwa anavaa viatu mlangoni, kule tulikokaa zamani, na wewe una miaka sita unachora chini. Alisema akiwa ameinama, anafunga kamba, hata uso hakuuinua. Nikajua nimeachika, na mtaa ukajua, na mama yake Unguja akajua kabla jua halijazama. Lakini nilipokwenda kutafuta nyumba huku ugenini kwa jina langu, wakaniambia, karatasi ya talaka iko wapi? Nikampigia. "Kesho inshallah." Nikampigia wiki ya pili. "Kesho inshallah." Miaka miwili na miezi saba mwanamme yule alikuwa anaoa kwengine na kuzaa, na mimi kwenye karatasi ni mke wake, sipangi nyumba, siendi wala sirudi bila ya jina lake. Mdomo wake ulitosha kunitoa ndani. Kunitoa kwenye kitabu haukutosha.

Mtu aliyepita hapo anatakiwa akiona kamba iko chini aruke. Mimi niliiona kamba nikaipikia kahawa.

Tuendelee. Mwezi wa kwanza nilijipa moyo, nikajaza fomu kwa mwandiko wangu mzuri. Kwa mwenyewe mpya nikaandika jina lako, sikuandika langu. Mstari wa mwenyewe wa zamani nikauwacha wazi, nikambatisha barua ya adabu: Madam huyu ametupa farasi huyu mbele ya mashahidi wawili, tafadhali muandikeni mwanangu. Nikaituma pamoja na pasi. Nikajiona nimefanya jambo.

Jibu likarudi, pasi ndani yake, haijabadilishwa hata nukta. Barua inaanza "Bwana mpendwa". Inasema chama kinasikitika. Inasema bila ya saini ya mmiliki aliyesajiliwa, inayofanana na ile iliyo kwenye faili lao, hakuna kinachoweza kufanyika, na kwamba mashahidi si utaratibu wao. Walinishukuru kwa kupenda kwangu farasi wa aina yao. Nilisoma huko kushukuriwa mara tatu, nikakitafuta kicheko changu sikukiona.

Nikamwandikia Madam kwa kompyuta ya ofisi. Akajibu baada ya mwezi: "Bila shaka, Zoi mpenzi! Nitumie hiyo fomu, wiki hii hii!" na kikaragosi kinachocheka. Nikatuma. Kimya. Nikamkumbusha baada ya Ramadhani. "Ah, nimesahau kabisa, wiki hii!" Kimya. Sikukuu yao ya Krismasi akaniletea picha ya watoto wake wamevaa masweta mekundu. Nikamwandikia watoto wamekua, masha Allah, na ile fomu je? Hapo hata kikaragosi sikupata.

Sidhani alikuwa na ubaya. Mtu mwenye ubaya ana kazi, anakaa akafikiri, akapanga. Huyu hakuwa hata na bidii ya kunidhulumu. Mimi nilikuwa kitu cha wiki hii. Na watu wa namna hiyo, Nasra, ndio wa kuwaogopa kuliko mwizi. Mwizi angalau anakuona.

Huku nyuma Halua anakula. Arbab alikubali chumba na majani ya farasi kwa kazi ya Ijumaa, unakumbuka. Miaka miwili na nusu hatukuijua Ijumaa ya kulala. Sala, basi, koleo. Mimi na kazi ya wiki nzima mgongoni, wewe na mitihani, tunazoa mavi ya farasi wa watu kumi na wanne ili wa kumi na tano awe wetu. Ukimaliza unampanda Halua, unazunguka naye uwanja wa mchanga, unarudi na uso ambao sina pengine nilipouona. Nilikuwa nakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikisema, hivi ndivyo mtu anavyofanana akiwa hamuogopi mtu.

Na hapo hapo nitakutajia jambo la aibu. Saini ya Madam mimi nilikuwa nayo, kwenye hati za daktari, kwenye risiti za majani, faili zima. Siku moja nikaifanyia mazoezi nyuma ya karatasi ya oda. Ya nane ikatoka yenyewe, hata yeye angesema ni yake. Ningeitia kwenye fomu, na leo Halua ana jina lako. Sikuitia. Ningependa kukwambia nilimuogopa Mungu. Nilimuogopa arbab, na kufukuzwa, na kurudishwa Unguja na mkoba mmoja. Uaminifu wangu mwengine ni woga uliovaa kanzu. Nilichana ile karatasi vipande vidogo, nikavitia ndani ya ndoo ya mavi, mahali pake.

Kisha mwaka huu ukaja, pesa zimekauka kila mahali, winchi zimesimama juu ya majengo kama zimesahau zilichopandia. Bwana wa Madam kazi ikamtoka huko waliko. Na Madam, masikini, akakumbuka kuwa ana farasi.

Hakuniandikia mimi, alimwandikia arbab. Kwamba amempatia farasi wake mnunuzi, bwana mmoja wa hapa hapa, ana binti wa miaka tisa, na kwamba anawashukuru "wafanyakazi wa zizi" kwa kumtunza. Wafanyakazi wa zizi ni mimi na wewe.

Fomu ikaja imeshatiwa saini. Sikiliza vizuri: saini niliyoiomba miaka miwili na nusu sikuipata, kwa yule bwana ilichukua siku tatu. Ikanyooka vizuri, na mkia wake ule. Na kwa kuwa karani wa zizi ni mimi, ikaja mezani kwangu niipeleke.

Nilikwenda kwa arbab na fomu mkononi. Nikamwambia, "Arbab, wewe ulikuwepo. Ulisikia kwa masikio yako."

"Nilisikia," akasema. Hakukana, nampa haki yake. Akaichukua pasi, akaifungua ukurasa wa mwisho, akanigeuzia. "Soma, Zuwena."

"Najua palivyoandikwa."

"Soma."

Nikasoma jina la Fiona.

"Khalas," akasema. "Mimi nina farasi wa watu kumi na watano hapa. Siku nitakayofuata masikio badala ya kitabu, kesho kila mtu atakuja na masikio yake."

Na unajua kilichonichoma? Alikuwa na haki. Maneno yale yale ningemwambia mimi mtu mwengine, kwa sauti ile ile ya ofisini.

Nikauliza, "Gul je? Naye alisikia."

"Gul?" akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Ushahidi wa Gul chama hakijui hata kuuandika."

Basi pasi ikenda, ikarudi ina jina la yule bwana, na siku ile uliyosimama getini, nilichotia saini ni mstari wa chini wa karatasi ya arbab: farasi ametolewa akiwa mzima, pamoja na pasi yake, amekabidhiwa na karani. Hiyo ndiyo saini uliyoiona. Kuuza, hata kupanga bei, sikuhusishwa. Nilishuhudia tu kuwa kilichokuwa si changu kimeondoka kikiwa na afya.

Yule bwana alikuja na viatu ambavyo havijawahi kukutana na mavi. Alimtazama Halua meno kama mtu anayepiga teke gurudumu la gari, kwa kuwa alisikia watu hutazama meno. Akaniuliza, "Anauma?" Nikamwambia, "Wajinga tu, sir." Hakunisikia, au alinisikia akadhani mzaha.

Lakini yule mtoto, Nasra. Yule mtoto hana kosa. Alisimama mbele ya Halua mikono nyuma, anatetemeka kama ulivyotetemeka wewe. Akaniuliza anapenda kula nini. Na mimi ningeweza kumwambia karoti, kama wanavyosema wote, akaenda zake. Nikamwambia tende. Nikamwambia utoe kokwa kwanza, uiweke kiganjani, kidole gumba ukibane. Nikamwambia sikio la kulia hapendi kushikwa. Halua alipomtia pua tumboni mtoto akacheka, nikacheka na mimi. Hapo ndipo uliponiona. Ulidhani nawafurahia wanunuzi. Nilikuwa nafikiri, kama anakwenda kwao, basi angalau aende na mtu mmoja anayejua habari za tende.

Na ile hatamu niliyomvua, uliyodhani nimemvua kwa roho mbaya. Naam, na roho mbaya ilikuwepo, sikatai. Yule bwana alisema, "Hiyo hatamu si inakuja naye?" Nikamwambia, "Sir, farasi ni wako. Kitabu kimesema. Hatamu kitabu hakiitaji. Hii niliinunua mimi." Akanitazama kama kwamba meza imemsemesha. Nikaivua mbele yake, taratibu, kifungo kimoja kimoja, nikamtia Halua ile kamba. Katika siku nzima ile, hayo ndiyo maneno pekee niliyosema na yakafuatwa.

Sasa nimekwisha kuwasema wote, na nimewasema kwa raha. Amebaki mmoja.

Miaka miwili na nusu ulikuwa unasema "farasi wangu". Ulimwambia mwalimu wako, uliwaambia shoga zako, ulimwandikia Bibi yako akaanza kukuombea dua wewe na mnyama wako. Na mimi barua ya chama niko nayo chini ya droo. Nilijua. Kila Ijumaa nilijua. Ningekwambia siku yoyote: Nasra, Halua si wetu bado, tumshike kwa mkono ulio wazi. Ungelia siku moja, kisha ungempanda ukijua unachokipanda. Sikukwambia, kwa sababu ya ule uso wako ukirudi kutoka uwanjani. Sikutaka kuwa mimi wa kuuzima.

Kwa hiyo nimefanya nini? Nimekupa kwa mdomo kitu kisichokuwa changu, nikakaa nikingoja wiki hii, wiki hii. Madam alinifanyia hivyo kutoka mbali, kwa kusahau. Mimi nilikufanyia kutoka jikoni, kwa kujua. Ukiwapanga wote niliowadharau ndani ya barua hii, mimi nipange wa kwanza, sitalalamika foleni.

Ulikuwa na haki ya kuninyima maneno siku tisa. Sababu tu ndiyo uliyokosea.

Sina la kukurudishia, Halua sina. Lakini utakuta kwenye bahasha hii karatasi nyengine. Ni fomu ya chama, ile ile, niliyoichukua kwenye droo ya pili jana kabla sijafunga ofisi. Nimekata neno "farasi" kwa rula, juu yake nimeandika "hatamu". Kwenye mstari wa rangi nimeandika: kahawia, kama halua. Kwenye alama za kutambulika nimeandika: kibati cha shaba chenye jina, kimekunjika pembeni pale alipojikuna mlangoni. Kwenye ukoo nimeandika: haujulikani, na haumhusu mtu. Mmiliki wa zamani, Zuwena binti Khamis. Mmiliki mpya, Nasra binti yake. Mashahidi wawili. Mmoja mama Mariam wa ghorofa ya nne. Wa pili Gul, ambaye hajui kuandika, kwa hiyo ametia dole gumba. Nilimshikia kidau cha wino mwenyewe. Aliutazama mstari wa saini yangu kwanza, akauliza, "Madam Zuwena, waraka fi?" Nikamwambia, fi. Ipo. Akatia dole lake kwa nguvu mpaka karatasi ikaingia shimo.

Hatamu yenyewe iko juu ya sanduku lako, nimeipaka mafuta. Utakuta wengi huko chuoni watakaokwambia ngozi iliyozeeka si kitu. Waache waseme.

Saini yangu iko. Nimeitia kabla sijaanza barua hii, isije ikawa kitu cha wiki hii. Lakini fomu hii, kama nilivyokwambia, haikamiliki kwa mkono mmoja. Kuna mstari wa mpokeaji chini kabisa, uko wazi, na siwezi kuujaza kwa niaba yako, ingawa saini yako naijua kuliko ya Fiona.

Kalamu nimeacha hapo juu ya bahasha. Mimi niko jikoni.

Mama yako,
Zuwena